Paka Asubuhi na Jioni

Kinyozi Kipara alitokwa na choa mkononi, duara jekundu linalowasha, tena mkono uleule wa kushika mashine. Wateja walipokiona wakakumbuka ghafla kuwa nywele zao bado fupi. Kiti kikabaki na mpenzi wake mmoja tu: paka wa mke wa Kipara.

Akakimbilia duka la dawa. Muuzaji akampa krimu ya fangasi, akamuuliza kama anafuga mnyama.

"Yupo paka. Analala kwenye kiti cha wateja."

"Basi huenda amekuambukiza yeye. Haya, kaka, paka asubuhi na jioni, na hata alama ikianza kufutika usiache mapema."

Wiki ilipopita, Kipara akarudi amenuna, mikono imejaa alama za kucha. Duka lilikuwa limejaa watu.

"Dada, dawa yako maji matupu. Choa ndiyo kwanza kinatanuka."

"Kwani unaitumiaje?"

"Kama ulivyosema. Mke wangu anamshika miguu, mimi namsiliba. Siku hizi akituona tu, yuko juu ya kabati."

"Nani?"

"Si paka? Asubuhi na jioni."

Duka zima likaangua kicheko. Muuzaji akajifuta machozi. "Nilisema upake, kaka. Upake mkono wako. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo."

Safari hii Kipara alijipaka mwenyewe mpaka ngozi ikatakata. Wateja wakarudi, wengine hata nywele hazijaota, mradi tu wamuulize: "Kipara, leo umepaka, au amekimbia?"