Mikono ya Sista Chapuchapu

Wodi nzima ya wazazi ilimjua kwa jina la Sista Chapuchapu. Mikono yake haikujua kusubiri. Ukigeuka kutafuta mkasi, kitovu kimeshakatwa, mtoto ameshafutwa, na mama ameshapewa pole na hongera kwa pumzi moja. Alipokwenda kusomea shahada ya uzamili ya ualimu wa uuguzi, wenzake hawakuwa na shaka kwamba atafaulu.

Darasani alifanya vizuri, na utafiti wake ukasifiwa. Kilichomwangusha ni mtihani wa mwisho, wa kufundisha wodini mbele ya mtahini. Mwanafunzi aliyepangiwa alisita kidogo tu kabla ya kuchoma sindano. Sista akamsogeza kwa kiwiko, akaichoma mwenyewe.

"Kazi umeifanya vizuri sana," mtahini alimwambia baadaye. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. "Ila mwanafunzi amejifunza nini?"

Sista alikitazama kiwiko chake. Akapewa nafasi moja ya kurudia. Chuo kilikuwa kimemwahidi kazi ya ukufunzi akifaulu, na aliitamani kazi hiyo tangu akiwa muuguzi mpya, kwa kuwa yeye mwenyewe alifundishwa kwa kufokewa, na alitaka kufundisha tofauti.

"Mke wangu, usishangae," mume wake, fundi wa mafriji, alimwambia nyumbani. "Hata mimi ukinikuta nakoroga chai unaninyang'anya kijiko."

Sista alicheka shingo upande. Tangu siku ile akajizoeza kwa binti yao mdogo, aliyekuwa anajifunza kufunga kamba za viatu. Kila asubuhi alikalia mikono yake, akamwuliza tu, "Sasa hii inapita wapi, mama?" Mtoto akawa anachelewa shule, mwalimu akalalamika, lakini kamba zikafungwa.

Siku ya kurudia mtihani, mbele ya mtahini yuleyule, alipewa mwanafunzi mmoja mrefu, mwoga, ambaye wenzake walimwita Twiga. Mzazi alikuwa msusi, uzazi wake wa kwanza. Mambo yalikwenda sawa mpaka mtoto alipotoka: amelegea, halii.

Twiga alimfuta, akamsugua mgongo. Kimya. Akamlaza mezani, akachukua barakoa ndogo yenye mfuko wa kumpulizia hewa, akaminya.

Sista alihisi vidole vyake vikitaka kuruka. Alisimama karibu, bega kwa bega, tayari kuingia, na mikono akaifunga nyuma.

"Tazama kifua," alisema taratibu. "Kinainuka?"

"Hakiinuki."

"Hewa inapotelea wapi?"

Twiga akainama. "Inatokea pembeni, mwalimu."

"Basi izibe. Na kichwa chake?"

Twiga alikiweka sawa kichwa, akaibana barakoa vizuri, akaminya tena. Kifua kikainuka. Akaendelea, huku Sista akimhesabia kwa sauti ya chini, mpaka miguu ikaanza kujikunja, ngozi ikapata rangi, na mtoto akalia kwa hasira kama aliyeamshwa bila sababu. Msusi naye akaanza kulia. Twiga alimbeba mtoto mwenyewe, akampeleka kifuani kwa mama yake.

Kwenye korido mtahini alimsogelea Sista.

"Nilikuona ulivyoificha mikono."

"Ilikuwa inawasha, mama."

"Najua. Yangu inawasha mpaka leo." Akampa mkono. "Umefaulu. Ungeingia ningekuelewa, lakini hukuhitajika, na ulijua hivyo. Karibu kwenye ukufunzi."

Alisema asante, akatembea kwa heshima zote hadi chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango, akaketi sakafuni. Alilia kidogo, akacheka kidogo, kisha akagundua kwamba mabega, ambayo yalikuwa yamempanda hadi masikioni tangu alipofeli, yameshuka. Akampigia mume wake.

"Imekuwaje?" mume aliuliza kabla hata ya salamu.

"Imekuwa."

Kule upande wa pili ilisikika spana ikianguka, kisha mwanamume mzima akimshukuru Mungu mbele ya wateja wake.

Alipofika nyumbani jua bado lilikuwa kali. Mama mkwe wake alikuwa amekuja. Alimwangalia usoni mara moja, akaelewa, akawakusanya wajukuu na kuwatoa nje. Mkufunzi alijilaza kwenye kochi na sare yake, ajinyooshe kidogo tu. Walipomfunika shuka, usingizi ulikuwa umeshamchukua, hakusikia.