Kiraka cha Katikati

Jumanne tarehe kumi na nne Novemba 2023, saa nne asubuhi, mke wangu Kalunde alichomeka sindano kwenye kitambaa, akasema kichwa kinamgonga, akalala mkekani. Ilikuwa presha. Mvua ilikuwa imenyesha hapa Nuu wiki mbili bila kupumzika na mto ulikuwa umejaa. Dispensari iko ng'ambo. Daraja halipo. Jiwe la msingi la hilo daraja lipo, nimeliona likiwekwa mara mbili, na wakubwa wawili tofauti, kila mmoja na hema lake na soda zake. Tulimbeba Kalunde na kitanda mpaka ukingoni, tukangoja maji yapungue. Maji yalipungua Jumatano. Yeye hakungoja.

Watu wa kanisa waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini najua Mungu hakuja hapa kutuahidi daraja.

Aliniachia paka wawili na blanketi moja ambalo halijaisha. Paka dume alimwita Mheshimiwa, kwa sababu anakula, analala, na panya wakipita anawaangalia tu. Jike alimwita Sista, kwa kile kifua cheupe kama nguo ya nesi. Akiwa hai nilikuwa nawafukuza kwa kofia. Alipokwenda niliacha. Nyumba ilikuwa imenyamaza sana.

Blanketi lenyewe ni la viraka, limeunganishwa kwa mkono. Kuna suruali yangu ya shamba, kuna shati la shule la Ben, kuna leso alizovaa mpaka zikawa nyepesi kama ganda la kitunguu. Ben ni mtoto wetu wa pekee, anajaza watu mafuta kwenye petroli stesheni huko Mtito Andei. Na kwetu Wakamba, msichana wa kwanza wa mwanao anapewa jina la nyanya yake, mama ya baba. Kwa hivyo Kalunde alijua siku moja Kalunde mwingine atakuja, akaanza kumshonea hata kabla Ben hajapata mchumba. Nilimcheka. Akasema, wewe ngoja.

Februari mwaka wa 2025 Ben alipiga simu. Mke wake Nzilani alikuwa mjamzito, wamepigwa picha hospitalini, ni msichana. Nikatoa blanketi kwenye sanduku. Lilikuwa limebakiza safu mbili za pembeni, na katikati kulikuwa na shimo la mraba, kubwa kama kiganja. Nikajiambia, huyo mtoto hatachukua jina la Kalunde bila kufunikwa na mikono ya Kalunde. Nitalimaliza mwenyewe.

Kushona mimi najua, lakini magunia. Miaka ishirini nimeshona magunia ya ndengu sokoni. Mshono wa gunia ni mrefu, na mwishoni huweki fundo, unaweka kitanzi, ili mwenye mali akifika kwake avute uzi mmoja tu na gunia lote lifunguke. Huo ndio mshono mkono wangu unaujua. Kwa wiki moja nikamaliza safu zote mbili, nikatandika blanketi kitandani, nikasimama kuliangalia kama mtu amejenga nyumba ya mawe.

Mheshimiwa akaona ule uzi unaning'inia. Akaudaka kwa kucha, akakimbia nao chini ya meza. Safu nzima ikafunguka mbele yangu, viraka vikaanguka kimoja kimoja sakafuni. Nikamtupia ndala. Nikakosa.

Jirani yetu Kasiva, aliyekuwa akishona na Kalunde kila Alhamisi, alinikuta nimekaa chini nikiokota. Alishika ile safu iliyobaki, akavuta uzi kwa vidole viwili, nayo ikafunguka.

"Nyamai, hili ni blanketi ama ni gunia? Mjukuu wako anaenda kuuzwa kwa kilo?"

Nikamwambia kosa ni la paka. Akasema paka amenisaidia, maana kama si yeye, mtoto angelivuta huko mbele za watu. Kisha akaketi, akanifundisha. Mshono mdogo kama punje ya wimbi, unaenda mbele mbili, unarudi nyuma moja, mwisho fundo. Alisema mkono wangu una haraka ya soko.

Nilivaa miwani ya Kalunde, ile ya kununua sokoni, mguu mmoja umefungwa kwa uzi. Kila nikikaa mlangoni penye mwanga, Sista alipanda magotini, akajikunja juu ya kitambaa pale pale nilipotaka kushona, kama alivyokuwa akimfanyia yeye. Nikajifunza kumzunguka. Siku zingine nilishona viraka viwili, siku zingine nilikaa tu na paka.

Siku moja niliona upande wa ndani kiraka cha leso ya kampeni, na sura ya yule mkubwa wa jiwe la pili, ameng'aa meno. Damu ikanipanda. Nikachukua wembe nikitoe. Kasiva akanishika mkono.

"Angalia vile amemweka."

Nikageuza. Upande wa juu hakuonekana kabisa. Kalunde alikuwa amemlaza kifudifudi, mgongo tu ndio uko nje, awapashe watu joto na asiongee. Nilicheka mpaka Sista akashuka magotini. Sikuwa nimecheka tangu ile Jumanne. Nikarudisha wembe.

Likabaki lile shimo. Kingo zake alikuwa amezikunja vizuri, akazishikiza kwa uzi mweupe, kwa hivyo hakuwa amelisahau. Alijua kinachokuja hapo. Nilimuuliza Kasiva. Akasema aliwahi kumuuliza, Kalunde akajibu, "Hiyo ya katikati niachie mimi." Nilimpigia Ben, hajui. Nilipekua sanduku: kilemba chake cha kanisani, gauni la harusi, sweta ya Ben ya utotoni. Kila nikipima nilisikia ni mimi nimechagua, si yeye.

Julai Ben akapiga tena. Mtoto ameingia, mzima, na mama yake mzima. Siku ya tatu ndiyo ya kutoa jina. Kasiva akaniambia mtoto hafunikwi na shimo. Basi nikakata kitambaa cheupe cha mfuko wa unga, nikakiweka katikati, na hapo pekee nikatumia mshono wangu wa gunia, mrefu, na kitanzi mwishoni. Kasiva aliuona. Safari hii hakucheka.

Mtito Andei nilifika asubuhi ya siku ya tatu, baada ya kuvuka mto wetu kwa miguu, maji yakiwa ya kifundo tu. Nzilani alilipokea blanketi, akaanza kulitoa manyoya ya Sista, kisha akayaacha. Alimfunga mtoto ndani, akamweka mikononi mwangu, kwa maana kwetu aliyechukua jina la mkeo ni mkeo.

"Baba, mshike mke wako."

Alikuwa macho. Nikashika ule uzi wenye kitanzi nikamwonyesha.

"Kalunde, hapa katikati ulitaka kuweka nini?"