Njia Iliyopita Nyumbani kwa Honi

Jumamosi asubuhi wakimbiaji walikuwa wakijinyoosha viungo mbele ya duka la vifaa vya shule, ambalo bado lilikuwa limefungwa. Kinyozi, aliyekuwa akimaliza wa mwisho kila wiki, alikuwa ameweka kisigino kwenye ngazi ya duka huku akililaumu goti lake. Kapteni, mwalimu wa jiografia mwenye filimbi shingoni, aliwatupia macho wote, kisha akauliza swali ambalo alikuwa akiliuliza tangu mvua zilipokatika.

"Honi yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Honi alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno, na jina hilo alipewa kwa ajili ya kicheko chake. Akicheka, pikipiki zilipisha. Alikuwa mtu wa kupanda kilima huku anasimulia visa vya wagonjwa waliomng'ata daktari, na wenzake walimfuata hivyo hivyo, pumzi juu, ili wasikie kisa kinaishaje. Halafu akaadimika. Ukimpigia hapokei. Ukimwandikia, baada ya siku kadhaa anajibu, "Nipo jamani, nipo tu."

Kapteni akapuliza filimbi, wakaondoka.

Njia yao kwa miaka yote ilishuka hadi kwa wauza matairi, ikazunguka uwanja wa mpira, ikapanda kwenye tangi la maji na kurudi dukani. Lakini tangu Honi aache kuja, njia ilikuwa imeanza kusogea. Mwanzoni ilikata kona moja mapema. Wiki iliyofuata uwanja wa mpira ulibaki kushoto, mbali kabisa. Kapteni alipima kwa saa yake ya mkononi akakuta urefu ni ule ule, kwa hiyo hakuona haja ya kuitisha kikao.

"Hata mito huhama," alisema.

"Na kilima je, kimehama?" Kinyozi aliuliza.

"Kilima kipo."

Kinyozi akasonya.

Jumamosi hiyo njia ilivuka lami, ikaingia mtaa wa nyumba zenye mageti, ikapanda ngazi na kupita sebuleni kwa watu. Ilikuwa sebule kubwa, yenye makochi ya rangi ya maziwa na televisheni pana kama meza ya kulia. Mwanamume wa makamo, aliyevaa kaptura, alikuwa akinywa chai. Alipowaona aliinua miguu ili wapite.

"Samahani, kaka," Kapteni alisema bila kupunguza mwendo. "Njia imepita hapa."

"Naona. Piteni tu, ila msiguse ukuta, rangi ni mpya."

Wakatokea jikoni, wakashika uchochoro, wakala kona, na mara wakajikuta ndani ya nyumba nyingine, ndogo, ambapo njia ilipita kati ya kitanda na meza ya dawa. Kitandani alikuwa amelala mama mzee, mkono wake wa kulia umetulia kifuani kama kitu cha kuazima. Kando yake, mwenye bakuli la supu na kijiko mkononi, alikuwa Honi.

Alishtukia kitambaa chake cha kichwa kilichochakaa, akataka kukivua, akakumbuka nywele zilizokuwa chini yake, akakiacha.

Kikundi kilikuwa na mwiko mmoja tu: hakuna kusimama katikati ya mzunguko. Kwa hiyo walimsalimia kwa vipande, kila mtu neno lake.

"Umepotea wewe!"

"Umetususa?"

"Shikamoo mama, pole mama!"

Mama aliitikia shikamoo zote, moja baada ya nyingine, kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii. Hakuwa amesalimiwa na watu wengi kiasi hicho tangu augue.

Kinyozi alipita wa mwisho, kwa mwendo wake, na kwa mwendo wake mtu aliweza kusimuliwa mambo mengi. Kabla hajaufikia mlango wa nyuma, Honi alikuwa amemweleza kwamba mama alipigwa na kiharusi. Kwamba kaka yake mkubwa alimwita wakae wazungumze, akamwambia yeye ndiye mwanamke, tena hana watoto, kwa hiyo jambo hilo halikuhitaji mjadala. Na kwamba aliacha kazi wiki hiyo hiyo.

"Yeye anakaa hapo mtaa wa pili," Honi alisema. "Anasema moyo wake hauwezi kumwona mama katika hali hii."

"Ni yule wa makochi meupe?"

"Umemjuaje?"

"Tumetoka kwake sasa hivi. Moyo wake unakunywa chai."

Honi akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kama mtu anayejaribu swichi katika nyumba aliyohama, kisha kikawaka chote. Vijiko vililia mezani.

"Kumbe bado unacho," mama alisema.

Kwa kawaida walikuwa wakizunguka mara moja tu, lakini walipofika dukani Kapteni alitangaza kwamba leo wanarudia mpaka miguu ikatae. Hakuna aliyepinga. Walikuwa na habari nyingi za kumpa Honi, na habari moja ilihitaji watu wanne kuisimulia. Wa kwanza alipita akisema, "Fundi umeme kajifungua!" Wa pili akasema, "Mapacha!" Wa tatu akasema, "Alikuwa juu ya ngazi!" Honi ilimbidi angoje wa nne, ambaye alikuwa na kichomi, ndipo ajue kwamba ngazi ilikuwa fupi na wote watatu walikuwa wazima.

Mzunguko wa pili, yule mwanamume wa makochi alikuwa amepunguza sauti ya televisheni.

"Hivi mnapita pale kwa mama?"

"Tunapita," Kapteni alisema.

"Hajambo?"

Kapteni alikuwa tayari jikoni. "Ngoja tukamuulize!"

Mzunguko wa tatu akaleta jibu. "Anasema hajambo. Anauliza utakuja lini."

"Mwambieni wiki ijayo. Wiki hii nimebanwa."

Ujumbe ulifika kitandani kabla jasho la Kapteni halijakauka. Mama aliusikiliza. "Haya," alisema, kisha akageuza kichwa kumtazama Kinyozi, ambaye tayari alikuwa kipenzi chake, akampigia kelele: "Kaza, baba! Kaza!"

Wiki iliyofuata Kinyozi alikuja na mkasi na kitana kwenye mfuko wa kaptura. Alipofika kando ya kitanda alivunja mwiko, akasimama.

"Goti limekataa," alisema. "Mimi nitakaa na mama. Wewe kimbia."

"Siwezi. Akitaka kugeuzwa je?"

"Nimegeuza vichwa maisha yangu yote."

Honi alimtazama mama. Mama alikuwa amekunja uso.

"Mwanangu, umesimama njiani. Watu wanataka kupita."

Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimejaa soksi za mama. Honi alivimwaga, akavaa, akatoka.

Mwanzoni miguu haikumjua. Ubavu ulimchoma, koo likakauka, na mama mmoja wa kikundi, aliyekuwa bibi wa wajukuu wengi, akampita huku akimwomba radhi. Kisha kwenye mteremko wa wauza matairi upepo ulimwingia chini ya fulana, ukambeba kidogo, na mwili ukakumbuka. Alianza kusimulia. Hakuwa na visa vipya vya kliniki, akasimulia vya mama: jinsi anavyowaita wakimbiaji kwa rangi za viatu, jinsi alivyokataa supu mpaka apate matokeo ya mbio.

Walipofika kwenye makochi meupe, kaka yake aliinua miguu bila kuondoa macho kwenye mpira.

"Mama hajambo?"

"Yuko na kinyozi," Honi alisema.

"Vizuri. Msalimie, mwambie wiki ijayo."

Ndipo alipoitambua sauti na kugeuka, lakini mdogo wake alikuwa ameshatokea jikoni. Honi alisikia hasira yake mwenyewe inakuja nyuma yake. Ilimfikia uchochoroni, ikakimbia naye bega kwa bega mpaka mlangoni kwa mama, na hapo pumzi ikaiishia, ikabaki nje imeshika magoti.

Ndani, mama alikuwa amenyolewa vizuri, anajitazama kwenye kioo alichoshikiwa na Kinyozi.

"Umekuwa wa ngapi?" aliuliza.

"Wa mwisho, mama."

"Basi zunguka tena."

Njia haijahama tangu siku hiyo. Kila Jumamosi mama huamka kabla ya wote na kudai milango yote miwili ifunguliwe. Wakimbiaji hupeana zamu ya kukaa naye, na zamu hiyo hugombaniwa, kwa kuwa haina kilima. Siku nyingine za wiki Honi hubaki peke yake na kitanda, dawa na nguo za kufua. Kaka yake bado anasema wiki ijayo. Ujumbe wake hufika mapema, pamoja na Kapteni. Mama huupokea, husema, "Haya," kisha huinua shingo amwone anayefuata.