Tundu la Kumi na Nne

Haki ya Mungu, mimi Pastory nina mdomo. Nimewacheka mafundi wenzangu wengi kwa uzembe wao. Ya Katonga ndiyo yaliyoninyamazisha.

Ilikuwa Mei 2015. Wakimbizi Warundi wanashushwa na meli kila siku, kipindupindu kimeingia, na shirika moja likakodi ghala la samaki pale Katonga, kando ya ziwa. Nusu wagonjwa, nusu ofisi, katikati ukuta wa mabati usioruhusiwa kuvukwa. Majina ya wagonjwa yalipita kwenye kompyuta tu, hadi mezani kwa Ziada, dada aliyewatafutia watu ndugu zao waliopotea.

Swichi ilikuwa moja, kadude ka kuunganisha kompyuta, kenye matundu ishirini na manne ya waya. Tuliigawa kwa amri makundi mawili, mafundi tunayaita VLAN: la wagonjwa na la ofisi. Waya zinagusana palepale, lakini wa kundi hili hamsikii wa kundi lile hata apige kelele vipi. Siri za wagonjwa, bwana. Ziada alihitaji majina, basi nikalihamishia tundu lake, la kumi na nne, kwenye kundi la wagonjwa. Orodha ikaja. Nikaenda zangu kula migebuka, samaki wa ziwani.

Siku ya tisa Ziada akanipigia simu. "Pasto, orodha haiongezeki hata jina moja. Na kuna mama anakuja hapa kila asubuhi, sina uso tena wa kumtazama."

Nilimkuta huyo mama kwenye benchi. Verediana, kitenge kilekile alichoshuka nacho melini. Binti yake, Jovita, miaka sita, walipotezana kwenye msukumano wa kushuka.

"Kaka, nawe unatafuta mtu?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nimekuja kutazama waya.

Nikachomeka laptop yangu. Kompyuta ya Ziada ilikuwa inaita ile ya wagonjwa: nani ana namba hii? Kimya. Nani ana namba hii? Kimya. Siku tisa inaita, na inayoitwa iko hatua kumi tu, nyuma ya mabati.

Nikaingia kwenye swichi. Tundu la kumi na nne lilikuwa limerudi kundi la ofisi. Usiku wa siku ile ya kwanza umeme ulikatika; swichi ilipowaka ikashika mpangilio wa zamani, kwa sababu amri yangu sikuisevu. Neno moja tu la kuandika, jamani! Nililiacha kwa haraka ya samaki. Nilijichukia.

Nikaandika upya, nikasevu. Majina yakaanza kumiminika. Ziada akayafuata kwa kidole kwenye kioo, kisha kidole kikasimama. Jovita, miaka sita, ameingia tarehe ishirini. Muuguzi alikuwa ameandika: anamwita mama yake, Verediana. Chini yake: amefariki, tarehe ishirini na sita.

Ilikuwa jana yake.

Ziada alimwambia akilia. Verediana hakulia.

"Alikuwa wapi siku zote hizi?"

Ziada akaonyesha ukuta. Verediana akainuka, akaweka sikio kwenye bati, akakaa hivyo muda mrefu. "Umwana wanje," akasema kwa Kirundi, yaani mwanangu. Kisha akanigeukia.

"Kaka, waya ulikuwa na nini?"

"Umeme ulikatika, mama," nikamjibu.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuutengeneza.