Ule Mshono

Kiwandani kwetu hatutengenezi magari. Tunatengeneza kile ambacho mtu akishaingia ndani ya gari anakiona, anakigusa na kukikalia: viti, paneli za milango, dashibodi, dari, mazulia. Injini na vyuma vinaundwa kwingine, na wanaoviunda hujiona wanaume kuliko sisi. Waache. Hakuna mtu aliyewahi kuikalia injini.

Mimi niko ukumbi wa kwanza, wa matambara. Nguo kuukuu hufika zimefungwa marobota, mashine inazichana mpaka ziwe manyoya, manyoya yanashindiliwa kwa moto yanakuwa blanketi zito. Blanketi hilo hulazwa chini ya zulia la gari ili barabara isisikike inavyonguruma. Watu wanaendesha juu ya mashati ya watu wasiowajua, wala hawana habari. Ukumbi wa pili ni wa joto. Huko karatasi nene ya plastiki hupashwa mpaka inalegea, inashushwa juu ya kalibu, hewa inanyonywa kwa chini, na kufumba na kufumbua imeshika sura ya dashibodi, pamoja na vijikunjo vya kuiga ngozi ya ng'ombe. Ukumbi wa tatu ni wa cherehani. Huko ndiko alikokuwa dada yangu.

Jina lake la kazini lilikuwa Kufuli. Walimpa kwa sababu mshono wake ulikuwa haufunguki, na mdomo wake hali kadhalika.

Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa ukumbi wa joto na akiitwa Mvuke. Mwaka juzi alipata kazi kiwanda kingine, mbali, akaaga kwamba anatangulia, akishapata nyumba ataleta neno. Neno halikuja. Ilikuja habari tu, kinywani mwa dereva wa lori linalotuletea dawa za sponji: Mvuke kapata nyumba, na nyumba ina mwenyewe, mwanamke mwingine. Ukumbini kwangu walicheka, wakasema mnashangaa nini, mvuke kazi yake ni kupaa. Nilimkamata mmoja kola. Tangu hapo walichekea chooni.

Dada hakulia. Alirudi nyumbani kwa Mama na sanduku lake, akapanga nguo kabatini, akaendelea na kazi. Anaamka, anakwenda, anarudi, anakula, analala. Ukimwuliza hali, nzuri. Ukimwambia sogea, sawa. Ukimwambia chakula hakina chumvi, sawa. Mama alisema mtu akifiwa hulia, akiachwa hutukana, sasa huyu yuko wapi? Nikamwambia kafa ganzi. Mama akasema basi tungoje, ganzi ikianza kuachia ndipo uchungu unapokuja. Tukangoja. Uchungu haukuja.

Sasa kuna jambo la kazi lazima nilieleze, kwa sababu mambo yote yalitokana nalo.

Ubavuni mwa kiti cha mbele, chini ya kitambaa, pamekunjwa puto. Gari likigongwa kwa ubavu, puto linajaa hewa kabla hujapepesa jicho, linachomoza kati ya mtu na mlango. Ili lichomoze, lazima mshono wa pale upasuke. Kwa hiyo kiti kizima hushonwa kwa uzi mnene, na kila ncha ya mshono hufungwa kwa kurudi nyuma, ila pale tu. Pale hushonwa kwa uzi mwembamba, hatua ndefu, na ncha haifungwi. Mshono huo una jina la kigeni ambalo hakuna aliyeweza kulitamka bila kuuma ulimi. Washonaji wakaupa lao: mshono wa talaka. Unakaa nao kwa amani miaka yote, siku yake ikifika unaachia mara moja. Jina lilipendwa hata wakaguzi wakawa wanalitumia.

Aliyekuwa akiushona ni dada yangu. Kwa mtu aliyezoea kufunga, kuacha wazi ni kazi ngumu kuliko kufunga. Mkono wenyewe unataka kurudi nyuma. Wake ulitii.

Ile habari ya Mvuke ilipofika, wenzake kwenye mstari wakaona haya. Utamwambiaje mwanamke aliyeachwa njia panda, haya mama, leo talaka ngapi? Kiongozi wao, mwanamke mpana mwenye huruma nyingi tuliyemwita Bi Mkubwa, akawaambia wenzake wamsitiri mwenzao. Neno likaondoka. Wakawa wanasema "ule mshono," kwa sauti ya chini, na mwenye kuuonyesha anauonyesha kwa kidevu. Dada hakuuliza limekwenda wapi. Akasema sawa.

Ikawa hivyo mpaka Mvuke alipotuma ujumbe kwa Mjomba. Amekosa, amejua kosa lake, kule kumemshinda, Jumapili atakuja kumwomba mkewe mbele ya wakubwa. Mjomba alifurahi kama aliyeombwa yeye. Ni mtu wa suluhu, hawezi kuona watu wawili wamenuna asiketi katikati. Alikuja nyumbani, akazungumza kwa ulimi wa asali kuhusu ndoa na uvumilivu, kwamba chombo hakikosi wimbi, kisha akamwuliza Dada kama Jumapili inafaa.

Dada akasema sawa.

Mjomba akatoka akitangaza kwamba mambo yameisha. Nilimfuata Dada jikoni, nikamwuliza kama ameelewa amekubali nini. Alikuwa anakausha sahani. Akaniambia amekubali Jumapili. Nikamwuliza na akikwambia panga sanduku? Akachukua sahani nyingine.

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Sikuogopa kwamba angemsamehe, kusamehe ni kazi ya mtu aliye hai. Niliogopa angesema sawa. Angenyanyuliwa kama robota, akatuliwa nyumba ile, akaanza tena kuamka na kulala, na sisi tungesema ameridhia.

Wiki ile ile sindano ilimpitia kidole. Sikuwapo, lakini nimesimuliwa na watu ambao hawana sababu ya kutia chumvi. Sindano iliingia upande wa kucha ikatokea chini. Mashine ikasimama. Mwenzake wa kushoto ndiye aliyepiga ukelele. Dada alikitazama kidole, akazungusha gurudumu kwa mkono wa pili mpaka sindano ikapanda, akauliza damu imefika kwenye kitambaa au haijafika. Haikuwa imefika. Zahanati wakamfunga bandeji, wakamwambia apumzike.

Kwenye mashine zake wakamweka mwanamke aliyehamishwa kutoka upande wa vichwa vya viti. Jina lake la kazi halikuwa limepatikana bado, alikuwa Mgeni tu. Mashine za Dada zilikuwa mbili, moja ya uzi mnene, moja ya uzi mwembamba. Bi Mkubwa alimwelekeza upesi, kwani mstari ulikuwa unangoja. Huku kote uzi mnene na ufunge ncha, alimwambia, ila ule mshono uzi mwembamba, na usiufunge. Mgeni akauliza upi. Bi Mkubwa, kwa mazoea, akashusha sauti na kuuonyesha kwa kidevu.

Kidevu si kidole. Pale ubavuni pana mishono miwili inayokaribiana, mmoja wa puto na mwingine wa chini, unaobana kitambaa kwenye fremu. Mgeni aliutazama wa chini akaona mantiki: umejificha, hauonekani, ndiyo maana hautaki uzi mwingi. Akashona huo kwa uzi mwembamba. Wa puto akaushona kwa uzi mnene, akafunga ncha zote mbili, vizuri kabisa. Ni mshonaji hodari.

Kutoka kila fungu, kiti kimoja hupelekwa chumba cha majaribio. Hufungwa kwenye fremu ya chuma, sanamu ya mtu huketishwa, mlango unafungwa na puto linalipuliwa kwa waya. Kwa kawaida husikika mlipuko mmoja mkavu, basi. Siku ile nilikuwa nimepeleka mablanketi karibu na pale, nikasikia mlipuko na kitu kingine baada yake, kama mtu anayechana gunia. Mkaguzi alifungua mlango. Mshono wa puto ulikuwa umekaa kama ulivyoshonwa. Puto lilipokosa njia ya mbele lilirudi nyuma, likapasua sponji, likaufumua mshono wa chini, na fremu ikamwingia sanamu mbavuni. Mkaguzi aliokota vipande vya sponji, akavirudisha chini.

"Hapa pangekuwa na mtu," alisema.

Fungu zima likarudishwa. Tuliitwa vijana wa ukumbi wa matambara kubeba viti, kwa hiyo nilikuwapo meneja aliposimama mbele ya mstari wa cherehani na kutaka kujua nani ameshona. Dada alikuwa amerudi kazini asubuhi ile na bandeji yake, ameketi kwenye benchi la ukaguzi kwa vile mashine alikatazwa. Mgeni akainua mkono. Meneja alimwambia achukue vitu vyake.

Mgeni hakulia wala hakupiga magoti. Alisema alivyoambiwa ndivyo alivyofanya. Bi Mkubwa akasema kwa uchungu kwamba alimwelekeza kwa mdomo wake mwenyewe, asimsingizie, alimwambia ule mshono.

"Ule upi?" Mgeni akauliza. "Niliuliza na sasa nauliza. Ule ndio upi?"

Kulikuwa na wanawake wengi pale, wote wanalijua jina, na wote walikuwa wanatazama bandeji ya dada yangu. Nadhani Bi Mkubwa alikuwa tayari kumwona mwenzake anapoteza kazi kuliko kulitamka neno lile mbele ya Kufuli. Huruma ya watu wengine ni hatari kuliko ngumi.

Dada alisema palepale alipoketi, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

"Unaitwa mshono wa talaka."

Meneja akageuka. Dada akainuka, akachukua kiti kimoja, akakigeuza ubavu mbele ya Mgeni.

"Huu hapa. Uzi mwembamba, hatua ndefu, ncha usifunge. Utataka kufunga, mkono utakuvuta, usiufuate. Usipoachia siku yake unaua mtu." Kisha akawaambia wenzake, "Zamani mlikuwa mnalisema. Mkaacha kwa ajili yangu. Mimi sikuomba."

Bi Mkubwa akasema, "Tulikuwa tunakusitiri, mwenzetu."

"Najua. Lakini viti hivi sivikalii mimi."

Mmoja alicheka kwa bahati mbaya, akajifanya anakohoa. Mkaguzi ambaye alikuwa amesikia yote akamwambia meneja kwamba kosa ni la maelekezo na si la mkono, na ukimfukuza mkono maelekezo yatabaki. Meneja hakupenda, ila akamwashiria Mgeni abaki. Mgeni akarudi kwenye kiti chake. Mchana kutwa tuliketi wote, washonaji na sisi wa matambara, tukifumua mishono kwa wembe, na lile neno likawa linapita mezani kama mkasi: nipe hiyo talaka, hii talaka imekaza, talaka ya nani hii. Dada alikuwa anafumua kwa mkono mmoja na wala hakuinua macho.

Jumapili Mvuke alikuja. Alikuwa amekonda, amenyoa vizuri. Alimwamkia Mama kwa kuinama sana, akanipa mkono, nami nikaupokea kwa sababu Mama alikuwa ananitazama. Mjomba akafungua kikao. Alisema mengi ya busara na mengine ya kurudia, kisha akamwachia Mvuke, ambaye alieleza makosa yake bila kuyapunguza. Niliketi nimekunja ngumi moyoni, na yule mtu hakunipa pa kuitupia.

Mjomba akamgeukia Dada. "Mwanangu, umesikia mwenyewe. Mwenzako amejirudi. Unasemaje?"

Mama aliacha kumimina chai. Mimi nilikuwa nautazama mdomo wa dada yangu, nikingoja ile sawa.

"Nataka talaka," akasema.

Mjomba akamwambia taratibu kwamba hilo si neno la kutamka hovyo. Dada akasema hajalitamka hovyo. Mjomba akamwuliza basi ana hasira gani, aitoe, wapo hapa kwa ajili hiyo. Dada akafikiri, nilimwona anafikiri kweli, kama mtu anayepekua mfuko wake mbele ya askari.

"Sina hasira," akasema.

Mvuke alikuwa ameinamisha kichwa. "Ungekuwa nayo ningejua pa kushika," alisema. "Hata ungenitukana."

"Sina la kukutukana. Ukae salama kule kwenu. Mimi nataka talaka."

Mjomba alijaribu tena, akataja wazee, akataja aibu, akataja upweke. Mvuke ndiye aliyemzuia, akamwekea mkono gotini. Alimtazama mkewe, akasema maneno yanayosemwa, mbele yetu, bila kuyavuta. Nimekuacha. Nilidhani nyumba itatikisika. Kilichosikika ni jirani anaburuta ndoo.

"Asante," Dada akasema. Akauliza kama kuna anayetaka kuongezewa chai. Hakuna aliyetaka. Akakusanya vikombe, akaviosha, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo, kesho ana zamu ya asubuhi.

Tulibaki wanne sebuleni. Mvuke aliuliza habari za kiwanda, nikamjibu. Baada ya kitambo Mama aliinuka, akaingia chumbani, akakawia, akatoka.

Mjomba akamwuliza kwa kunong'ona kama analia.

"Amelala," Mama akasema.

"Amejilaza analia?"

"Amelala, kaka. Nimemfunika shuka. Amelala."