Pikapu Iliyotiwa Kalafati

Fundi Twahir wa Gazi alikuwa ameunda mashua thelathini na moja kwa mikono yake, na hakuna hata moja iliyowahi kumtia mvuvi aibu. Lakini mwaka wa pili sasa tezo yake ya kuchongea mbao ilikuwa imelala. Watu wanataka boti za faiba, na kilichobaki kwa Twahir ni kuziba nyufa za vyombo vikuukuu. Shemeji yake alikuwa amemtafutia kazi ya ubawabu katika hoteli moja ya Diani. Sare ilikwisha kuletwa, shati la buluu na kofia yake, ikatundikwa msumarini chumbani, na tarehe mosi ndiyo siku ya kuripoti. Kila alipoingia kulala, Twahir aliupa ukuta ule mgongo.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, mwanamke mmoja akaegesha pikapu mbele ya banda lake. Ilikuwa kuukuu lakini imara, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umepotea njia?"

Hakuwa amepotea. Jina lake Nafula, mzaliwa wa Bungoma, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mpishi wa hoteli huko Diani mpaka hoteli ilipopunguza watu. Sasa alitaka kupeleka wageni kupiga kambi. Bi Maryanne, mwenye kampuni ya safari, alikuwa anatafuta gari moja tu la msimu, na wanaolitaka ni wawili: Nafula, na Seth, fundi wa kuchomelea vyuma pale Ukunda. Wangejaribiwa wote siku moja kwenye barabara ya Vanga.

"Nina hema la juu, nina tangi la maji, nina betri ya pili," Nafula alisema. "Sina makasha. Nataka la jiko, la chakula na la matandiko, yenye droo za kuvuta."

"Mwanangu, mimi ni fundi wa vyombo vya baharini. Gari nalipanda tu."

"Lile kasha la barafu la samaki, jikoni kwetu, si wewe uliliunda? Miaka kumi na mmoja, Baba. Sijawahi kupiga deki hata siku moja kwa sababu yake."

Twahir alitazama kando ili mama wa watu asione alivyofurahi. Kesho yake alfajiri alikuwa ananoa tezo.

Alifanya kazi kama kijana. Alipasua mvule, akapiga randa, akaunganisha, na kila kiungo akakitia kalafati ya pamba iliyoroweshwa mafuta ya nazi. Mafuta ya papa, ambayo ndiyo yenyewe hasa, Nafula aliyakataa katakata. Alisema kwa harufu ile wageni watadhani wamelala na maiti. Nyuma ya kila kasha Twahir alitoboa tundu la kutolea maji, akalizibia kizibo cha mti, maana hajapata kuunda kitu kisicho na tundu hilo na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Na makasha yenyewe hakuyakaza kwa bolti. Aliyafunga kwa kamba ubavuni, ndani ya karai la nyuma la pikapu, mafundo matatu kila moja.

Siku moja Seth alipita kuchungulia. Hakusema shikamoo.

"Mzee, niaje? Hii ni gari ama ni boti?" Alizunguka akicheka. "Yangu nimeweld chuma kwa chuma. Hii yako ikigonga shimo moja, kamba kwisha."

"Kitu kinachotikiswa hukibani, mwanangu. Unakiachia kipumue."

"Basi ipumue tu, mzee," Seth alisema, akaenda zake akicheka mpaka barabarani.

Maneno yalimwingia Twahir. Usiku alimwambia mkewe Mwanamkuu wazi: makasha haya yakivunjika, atavaa lile shati na tezo ataiuza. Mwanamkuu alimwongezea chai.

Na hapo ndipo mzee wa watu alipoharibu, tena kwa kutaka kutenda jema. Jioni ya kuamkia majaribio, Nafula alipakia kila kitu, akafunga droo, akaiacha pikapu Gazi ili Twahir aikague mara ya mwisho. Sasa kila fundi wa mashua anajua kwamba chombo hakishushwi kikavu. Mbao hunyweshwa kwanza, zivimbe, zishikane. Twahir alikuwa amefanya hivyo mara thelathini na moja, na ya thelathini na mbili hakufikiri hata kidogo. Alifunika makasha kwa magunia mabichi, akasema bismillahi, akaenda kulala kwa raha.

Asubuhi Nafula alivuta droo ya jiko. Haikusogea. Akavuta ya chakula. Haikusogea. Akaweka mguu kwenye bampa akavuta kwa mikono miwili, wapi!

"Baba, umefanya nini?"

Twahir aliyatazama magunia, kisha makasha. Mbao zilikuwa zimeshikana barabara, kama alivyozifundisha. Hapo hapo Bi Maryanne akawasili na Seth nyuma yake, na safari ikaanza. Twahir alipanda na randa na nyundo yake ya mti mapajani, aibu imemjaa. Kutoka Msambweni hadi Lunga Lunga Nafula, Mungu ambariki, hakumlaumu hata mara moja.

Barabara ya Vanga ilikuwa imenyeshewa wiki nzima. Mashimo yalianza kuwapiga, na gari la Seth lililokuwa mbele likawa linalia chuma kwa chuma. Kisha wakafika bondeni, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yamekutana na maji ya bamvua yaliyopanda kutoka baharini na kuifunika barabara kabisa. Seth aliingia kwa vishindo, akatoka ng'ambo akipiga honi. Nafula alifuata polepole. Maji yalipanda, yakaingia kwenye karai la pikapu, yakayazunguka makasha. Twahir alifumba macho, akasoma dua zote alizozijua.

Walipiga kambi kwenye mchanga mkavu, jua likiwa bado juu. "Nipikieni chai," Bi Maryanne alisema. "Wa kwanza kunipa kikombe, msimu ni wake."

Droo ya Seth ilifunguka kwa kidole kimoja, na maji yakamwagika miguuni pake. Ule mtikisiko ulikuwa umepasua maungio ya vyuma pembe mbili nzima. Unga ulikuwa uji, mkate ulikuwa uji, na kiberiti kilivunjika mkononi kama biskuti iliyoloa. Seth hakucheka tena, lakini alipoona Nafula anavuta droo bila mafanikio, alipata nguvu kidogo.

"Wao wameunda sefu," alisema. "Chai iko ndani, ufunguo hakuna."

Bi Maryanne alimgeukia Nafula. "Yako nitaifunguaje?"

Hapo Twahir akaamka, maana akili ilikuwa imemrudi. Kwani kasha hili limepigwa bolti? Alifungua mafundo matatu, akamwita Nafula ashike upande wa pili, wakalishusha kasha la chakula mchangani. Akaligeuza. Akang'oa kizibo cha lile tundu la nyuma, akaingiza mpini wa koleo la kambi, akapiga kwa nyundo ya mti. Pigo la kwanza, kimya. La pili, mbao zikaguna. La tatu, droo ikatoka nzima nzima.

Ndani hapakuwa na tone. Unga ulipepea. Mayai yalikuwa mazima yote, kwenye trei yao. Nafula alichukua kiberiti, akakwangua njiti ya kwanza, ikawaka.

Nafula alipiga kigelegele peke yake mpaka ndege wakaruka kwenye mikoko. Twahir alikaa juu ya kasha la pili akacheka huku machozi yakimtoka, na hakujisumbua kuyafuta. Kisha akalifungua la jiko na la matandiko vivyo hivyo, na wakati chai inachemka alipiga randa kingo za droo zote, akazipunguza unene wa shilingi moja, zikaanza kuteleza kama zimetiwa mafuta. Bi Maryanne alikunywa kikombe chake akiwa amekalia kasha. Alitaka kujua kama yote yatashuka hivyo kila safari, yawe meza na viti vya wageni.

"Mafundo matatu tu, mama."

"Nafula, msimu ni wako," alisema. "Na fundi huyu asije akanipotea."

Jumatatu ilikuwa tarehe mosi. Mwanamkuu alilipiga pasi lile shati la buluu, akalikunja pamoja na kofia yake, akalirudisha kwa kaka yake na salamu nyingi. Twahir alikuwa bandani tangu alfajiri. Mnamo saa tatu akasikia gari linasimama. Alikuwa Seth, na karai la pikapu yake lilikuwa tupu; vile vyuma alikuwa amevikata vyote.

Kijana alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, fundi."

Twahir aliweka tezo chini ili aitikie vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Ingia tupime."