Vizibo vya Tangi la Ianthe

Chupa ya mafuta ya papa iliyoning'inia barazani ilikuwa imeingia ukungu tangu juzi, dalili ya kimbunga, na redio ya Bermuda nayo ikasema yaleyale: kimbunga kingefika adhuhuri. Ianthe hakungoja kuambiwa mara ya tatu. Kiangazi chote mvua ilikuwa ya manyunyu, na tangi lililo chini ya nyumba, linalokinga maji ya paa, lilibaki na maji ya magotini tu. Hayo nayo yakiingia chumvi ya povu la bahari, wangekaa hata mwezi wakingoja gari la maji, maana kisiwa kizima kingekuwa kinaliita.

"Cordell, umeziba mabomba ya paa?"

"Yote mawili, Mama. Matambara ndani, nailoni juu."

Mwanawe huyo alikuwa na miaka arobaini, lakini alijibu kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Upepo ukaja kutoka upande wa nchi kavu, ukavuma saa mbili nzima, na mvua ikaliosha paa jeupe likang'aa. Halafu kimya. Jua likatoka. Cordell akaenda nje kuangalia madirisha, akarudi anapiga mluzi.

Ianthe akaona nailoni inachungulia mfukoni mwake.

"Kitendawili!"

"Mama, saa hizi?"

"Kitendawili, nimesema!"

"Haya, tega."

"Mgeni wangu huaga kwa mlango wa mbele, akarudi kwa mlango wa nyuma."

Cordell akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Upepo. Jicho la kimbunga likishapita, upepo hugeuka, na nyuma ya nyumba ile hakuna nchi, ni bahari tupu.

"Nilidhani paa limeshaoshwa, mvua ijayo tuikinge. Nimezibua moja tu."

"Moja tu! Tangi lina midomo miwili, tumbo moja. Panda, baba, kabla mgeni hajabisha hodi!"

Ianthe akaishika ngazi, magoti yake mabovu yakimlalamikia. Cordell alipokuwa akishindilia tambara la mwisho, povu la bahari likaruka juu ya ua likawapiga usoni. Ianthe akalamba mdomo. Chumvi tupu.

"Limeziba?"

"Limeziba! Ingia ndani, Mama!"

Asubuhi akateka ndoo tangini, akaonja. Akaonja tena.

"Mama, sema basi!"

"Injika chai kwa maji haya," akasema Ianthe. "Na yule samaki wa chumvi wa chakula cha mchana mroweke sana. Chumvi ya jana inanitosha."